Nafasi ya Mwana wa Kwanza

"Karibu, mgeni," Wamer alimwambia. "Umetoka mbali?"

Mokrane alisimama mlangoni mwa mkahawa, mkono aliounyoosha ukabaki hewani. Huyu Wamer ndiye aliyekuwa akiiba tini pamoja naye utotoni. Huyu Wamer ndiye aliyempigia ngoma kwenye harusi zote za mlimani, kabla nyimbo za Mokrane hazijapigwa marufuku na Mokrane mwenyewe kukimbilia Paris. Wazee waliokuwa wakicheza dhumna waliinua macho, wakamsalimu kwa adabu ya mbali, wakarudi kwenye mchezo wao.

Ni kweli alikuwa amenyoa. Masharubu yake meupe, yaliyo katika kila picha yake, aliyaacha kwenye sinki la hoteli huko Tunis, kisha akavuka mpaka kwa siri, kwa miguu, nyuma ya mbuzi wa mtu. Lakini kijiji gani kinamsahau mwanawe kwa sababu ya nywele? Hata Wamer, aliyekuwa na uso laini kama yai maisha yake yote, sasa alikuwa amefuga masharubu makubwa ajabu, na bado Mokrane alimtambua mara moja.

Akavuta kiti, akamwinamia sikioni. "Acha utani wako. Ni mimi."

"Utani gani, bwana? Mimi sikujui." Wamer aliangalia kikombe chake. "Kama unatafuta mafuta ya zeituni, shuka kijiji cha chini. Na ungeshuka sasa hivi, jua halijawa kali."

Dirishani walikaa vijana wawili wa mjini, kahawa zao zimepoa bila kuguswa. Walimtupia Mokrane tabasamu, wageni kwa mgeni mwenzao.

Hapo Mokrane akaelewa. Baraza la kijiji limemkataa. Katika kijiji chao mtu aliyewakosea wote hapigwi wala hafukuzwi, hufanywa mgeni. Atasalimiwa, atapewa maji, lakini jina lake halitatajwa tena, na kwenye maziko hana sehemu, hata yakiwa ya mtu wake. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kunyoosha mkono barazani ili mwenzao mmoja afanywe hivyo, na siku ile aliona ni haki kabisa.

Sababu aliijua. Alipoweka gitaa chini na kuongoza harakati ya kudai Wakabili, watu wa milima ile, wajiamulie mambo yao wenyewe, yeye alihutubia kumbi za Paris, na waliopeperusha bendera yake huku mlimani ndio waliokamatwa. Ghilas, mtoto wa Wamer, alikuwa bado gerezani. "Wewe unaimba, sisi tunafungwa," Wamer alimwambia mara ya mwisho walipozungumza kwa simu, akakata.

Lakini safari hii hakuja kwa siasa. Alikuja kwa sababu mama yake, Tasadit, tangu ugonjwa umlaze kitandani, alikuwa akimuuliza kila Ijumaa kwenye simu, "Ni wewe utakayenishusha?" Mwana wa kwanza ndiye humshusha mama kaburini, na ndiye husimama kichwani pa kaburi kupokea rambirambi. Naye kila Ijumaa alijibu, "Ni mimi, mama." Jana yake, akiwa bado njiani, mama alifariki.

Jeneza lilipotoka nyumbani kwa mama yake alijipenyeza ili atie bega. Kiwiko kikampata mbavuni. "We mgeni, kaa nyuma, usije ukatuangusha!" Mdogo wake, Hamid, alipita karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na hakugeuka. Mtu aliyezoea kumbi nzima kuitikia kibwagizo chake akatembea peke yake mkiani mwa watu waliomlea.

Makaburini Hamid akaita, "Mwana wa kwanza ashuke!"

Mguu wa Mokrane ulikwenda wenyewe. Mabega yakafungana mbele yake. Akachungulia kati ya shingo mbili, akaona mtu aliyevaa joho la sufu, amejifunika kofia iliyoshonwa kwenye joho hilo, akishuka, akimpokea Tasadit na kumlaza taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Mtu huyo alipopanda, kofia ilianguka mgongoni. Alikuwa Wamer.

Kisha watu wakapanga mstari, wakawa wanambusu Wamer kichwani mmoja mmoja.

"Mungu akupe subira, Kaka Mokrane."

"Mama alikungoja sana, Kaka Mokrane."

Hamid naye akamkumbatia, akalia begani kwake kwa sauti. "Umerudi, kaka. Umerudi."

Mokrane aliegemea ua wa mipungate, miiba ikimchoma na yeye asijali. Hasira alikuwa nayo, lakini upweke uliishinda hasira. Miaka yote ya Paris alikuwa mbali na kwao. Leo, ndani ya kijiji chake, hakuwa na kwao. Nafasi yake walikuwa wamempa mwingine, na jina lake wakampa huyo huyo. Kama walitaka kumwadhibu, walikuwa wameweza. Akageuka aanze kuteremka, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama.

Wale vijana wawili wa mkahawani wakampita. "Samahani, mzee wangu, tupishe," mmoja alisema, akimsogeza kwa heshima. Wakaupasua mstari wa waombolezaji mpaka kichwani pa kaburi, na yule wa pili akatoa pingu mfukoni.

"Mokrane At Waali?"

"Ndiye mimi," Wamer alijibu, akanyoosha mikono yote miwili. "Ningekosaje kumzika mama yangu?"