Nafasi ya Turbo

Tangu Shomari arudishwe kutoka hospitali, mgongo umevunjwa na gari lake la spoti lililoteleza kutoka kwenye jeki, kazi ya kulipima gari hilo ilimwangukia mkewe, Mwanahawa. Kila asubuhi alitoka kwenda uani na futikamba, akarudi na vipimo. Shomari alivichora daftarini akiwa kitandani. Bado alitaka kulifunga gari turbo ya kuongeza nguvu ya injini, kwa mikono yake.

Leo alitaka nafasi kati ya injini na rejeta.

Uani palikuwa na doa la oili na matofali manne tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walishalivuta gari, Shomari angali hospitali. Mwanahawa aliwaita mwenyewe. Alisubiri kidogo, akafyatua futikamba ili mlio wake ufike dirishani kwa Shomari, akaingia.

“Sentimita ishirini na mbili, Baba Nasra.”

Shomari alifunua kurasa za nyuma. “Wiki iliyopita ulisema kumi na nne.”

Futikamba ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwa Mwanahawa.

Shomari aliifuta ile kumi na nne taratibu, mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni akaandika ishirini na mbili.

“Afadhali. Sasa itaenea bila kukata kitu,” alisema, bila kutazama dirishani. “Kesho kanipimie upande wa kushoto.”