Matanga ya Maganga

Kwa sheria ya siku hizi, aliyeuawa na homa ya ini hawekewi matanga mpaka seli za ini lake nazo zife. Za Maganga zilikuwa hai bado, pamoja na virusi vyake, kwenye sahani ya kioo ndani ya kabati la joto jikoni. Kila asubuhi mkewe, Nyamizi, alivaa glavu akazibadilishia maji ya lishe, na watu wa maabara wakaja kuzijaribia dawa.

Mama mkwe alipofika kutoka Sikonge, alifungua kabati akachungulia.

"Mwanangu amekonda," alisema, akamdondoshea tone la supu ya kuku.

Nyamizi alikuwa mlangoni. Alijua tone lile lingeziua seli zile.

"Si atapata nguvu, mkwe wangu?"

"Atapata, Mama."

Kesho yake sahani ilikuwa imechacha. Majirani wakaja na mikeka. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikamkauka. Nyamizi alikaa katikati ya wanawake akingoja machozi, nayo hayakuja. Chini ya khanga, mikono yake ilikuwa ikivaa glavu ambazo hazikuwepo.