Njuga za Nyamburi

Wamama wenzangu, mtoto akichaguliwa msibaki nyumbani.

Lori la kupeleka kikundi chetu cha kuimba Dar es Salaam lilishawashwa pale Nyamuswa, ndipo nikaona njuga za binti yangu Nyamburi, aliyechaguliwa kuimba, kwenye miguu ya mtoto wa afisa utamaduni. Nyamburi kashushwa, yuko chini, analia.

"Huyu ndiye ataimba, mama. Anajua Kiswahili cha mjini," afisa akasema.

"Njuga hizo alifungwa na bibi yake. Hazivaliwagi na ukoo mwingine."

"Huu ni ujamaa. Vyote ni vyetu sote."

"Basi lete redio yako."

Watu wakacheka. "Dereva, ondoa!" afisa akafoka.

Nikapanda lori. Fundo la ngozi la njuga lilikuwa limekaza, vidole vikashindwa. Nikapiga magoti, nikamshika yule mtoto mguu, nikaanza kulifungua kwa meno.