Machozi ya Duma

Wivu ulimkaba Duma kama mfupa kooni. Kila watoto wa shule walipoletwa mbugani, walimshangilia Chui aliyejilaza juu ya mgunga. Wakimwona Duma, husema tu, "Maskini, analia," kwa sababu ya michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni.

"Yule mvivu ana nini hasa?" Duma alifoka. "Madoa hata mimi ninayo, na mbio hanipati!"

"Ndugu yangu," Chui alimjibu kutoka juu, "si uyafute hayo machozi?"

Duma hakungoja kuambiwa tena. Alichota udongo wa rangi ya ngozi yake, akajipaka usoni mpaka michirizi ikapotea.

Gari la watoto likaja, nao wakampigia Chui makofi kama kawaida. "Leo tunamtafuta Duma, bingwa wa mbio," mwalimu wao alisema. "Msije mkamchanganya na Chui. Duma mtamjua kwa michirizi ya usoni."

Duma aliposikia hivyo alijitokeza kifua mbele. Watoto wakamkazia macho.

"Hana michirizi! Huyu naye ni Chui!" walipiga kelele, wakashangilia kwa makofi, kisha wakaenda kumtafuta Duma kwingine.

Chui alipangusa masharubu. "Ahsante, ndugu yangu. Leo nimepigiwa makofi mara mbili."

Hapo Duma akalia kweli. Machozi yakaosha udongo, michirizi ikarudi kung'aa kama zamani, lakini gari lilikuwa limeshaondoka, limebaki vumbi tu.