Bakuli la Bi Mwatumu

"Nirudishie bakuli langu!" Bi Mwatumu alifoka kutoka upande wa pili wa ua. Tangu wagombane, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Salha.

"Litakuja!" Lakini bakuli la jirani halirudi tupu. Kabatini mlibaki unga, sukari na siagi. Salha akakata maembe yaliyoanza kulainika, akayapanga bakulini, akayafunika kwa unga uliovurugwa na siagi na sukari. Akaliweka ndani ya sufuria, akapalia makaa juu na chini.

"Si mmegombana?" mumewe akauliza.

"Tumegombana sisi. Bakuli limekosa nini?"

Akalipeleka lingali la moto, kalishika kwa kanga aliyojitanda. Bi Mwatumu akalipokea kwa mikono mitupu, akaguta kwa kuungua. Salha akamsogezea ncha ya pili ya kanga. Wakasimama mlangoni, bakuli katikati, wala hakuna aliyeachia.