Kobe Anaandika

Skrini ilibaki nyeusi tena, na mshonaji akaipiga meza ngumi hadi pini zikaruka.

"Imegoma," aliandika kwenye simu. "Sijui nifanyeje."

Nje, upande wa baraza, simu ya mtu ililia. Akashtuka, akakimbilia dirishani kuchungulia. Kutoka pale baraza halionekani, na barabara ilikuwa tupu. Komeo la mlango alishalikagua, akalikagua tena. Mumewe alikuwa kazini na asingerudi hadi jioni, lakini moyo haukutaka kutulia.

Kompyuta ilikuwa ya mumewe, mashine kuukuu ya tangu walipooana, mapacha wao wameijaza stika za samaki juu ya kifuniko. Zamani iliwahi kuwa ya nyumba nzima. Sasa Baba Mapacha alikuwa ameitia neno la siri, na kila jioni alijifungia nayo chumba cha nyuma, akinong'ona. Mtu mzima hanong'oni na kompyuta. Lazima kulikuwa na mwanamke, na leo mshonaji angemjua ni nani, kisha angefunga mizigo yake na ya watoto.

Jana aliuliza katika kundi la mafundi mtandaoni: mtu akisahau neno la siri, anaingiaje? Wakamcheka. Mmoja akataka kuona picha ya mashine, naye mshonaji akaituma, stika za samaki na yote. Ndipo mtu aliyejiita Kobe alipomfuata kando. Neno la siri halihitajiki, Kobe alimwambia. Awashe mashine kwa mfumo mwingine, ule wa bure, kutoka kwenye flashi ya kujaziwa dukani, na kila kilichomo atakiona.

"Kobe anaandika," simu ilionyesha.

"Flashi umeichomeka tundu gani?"

"La kulia."

"Hilo limekufa. Chomeka la kushoto. Ukiwasha, bonyeza F12. Kitufe chenyewe kizito, kibonyeze pembeni kwa ukucha. Feni ikikoroma, ipige kofi kwa chini. Umekula lakini, dada?"

Fundi gani huyu mwenye maneno ya shangazi! Mshonaji alihamisha flashi, akawasha, akabonyeza kwa ukucha. Feni ikakoroma. Akaizaba kofi, ikanyamaza.

Maandishi meupe yakaanza kuteremka mbio kwenye skrini. Alishindwa kukaa. Alitembea kutoka kwenye cherehani hadi dirishani na kurudi, akilikanyaga gauni la mteja lililoanguka sakafuni bila hata kuliona. Aliporudi mezani, skrini ilikuwa ya samawati, na maneno mawili katikati: Jaribu. Sakinisha.

"Imewaka!"

Simu ya barazani ikalia tena. Wapita njia wa mtaa huu na masimu yao.

"Chagua Jaribu," Kobe aliandika. "Ukigusa Sakinisha, kila kitu kitafutika."

Kidole kikabaki hewani. Kila kitu. Huyo mwanamke, picha zake, manong'ono yote, Baba Mapacha aje ayatafute jioni ayakose. Hasira ilikuwa tamu.

"Na nikigusa Sakinisha kusudi?"

Kobe anaandika. Kobe akaacha. Kobe anaandika.

"Ni haki yako. Ila tazama kwanza."

Aliguna, akagusa Jaribu.

Hakutafuta sana. Folda ilikuwa mbele kabisa, imeandikwa Kumwambia, na ndani yake video fupi fupi. Akafungua ya kwanza.

Alikuwa ni mumewe, peke yake, ndani ya shati alilonyooshewa na mkewe mwenyewe. "Mama Mapacha," alinong'ona kwa kamera, "nina neno." Akajikuna shingo, akazima. Katika ya pili alifika mbali kidogo: "Usikasirike, nina neno." Katika nyingine alicheka bila sababu, akafunika uso. Mshonaji alizifungua moja baada ya nyingine, na kila mara maneno yalimkwama mtu yule palepale.

Katika ya mwisho hakujikuna.

"Kazi imekwisha, Mama Mapacha. Walitupunguza tangu mvua zilipoanza. Kila asubuhi unaninyooshea shati, natoka, nakwenda kukaa bustanini hadi jua lizame. Nimeshindwa kukuambia. Nakutazama machoni, nashindwa."

"Mjinga wewe," mshonaji aliiambia skrini. "Mjinga mkubwa!" Akalia kwa uchungu, na aibu, na kwa yale mashati yote. Kisha akafuta macho kwa kipande cha kitambaa na kuishika simu. Fundi wa watu alistahili kujua.

"Nimeona yote," aliandika. "Hakuna mwanamke. Ningejua, nisingemtilia shaka. Wala nisingemtafutia maneno leo asubuhi akitoka."

Nje simu ikalia. Kobe anaandika. Kobe akaacha. Kobe anaandika.

"Basi nitolee komeo, Mama Mapacha. Niko hapa barazani tangu asubuhi."