Mama Mafi

Noah aling'ang'ania bei mpaka muuzaji akachoka. Mkataba wa laini yake ulikuwa umeisha, na akikubali kuuhuisha, duka lile la mtaa wa Olaya lingemuuzia simu mpya kwa punguzo. Punguzo lenyewe aliliona dogo.

"Halas, sadiki," muuzaji akasema, yaani basi, rafiki. "Bei ni hiyo."

Kiarabu cha Noah kilikuwa cha kuokoteza pale getini anapolinda. Alitaka kusema mama yuko mbali, Kenya, na wakipigiana video, simu hii kuukuu humwonyesha ukungu mtupu. Akagonga kioo kilichopasuka, akasema, "Mama mafi."

Mafi ni "hakuna"; alimaanisha kwamba hayuko hapa.

Muuzaji akaweka kiganja kifuani. "Mungu amrehemu," akasema kwa sauti ya chini. Akageukia kompyuta, akaikata bei karibu nusu.

Noah akafungua kinywa amsahihishe. Macho yakamwendea kwenye simu mpya, bado imevaa plastiki yake. Akafumba kinywa.

Asubuhi hiyohiyo mama alikuwa amempigia kumuuliza kama amekula.

"Aliitwa nani?" muuzaji akauliza. "Nimwombee."

Angeweza kutaja jina lolote. Lililomtoka ni lile la mama yake hasa.

Muuzaji akainua mikono, akaomba polepole, akilitamka jina lile geni kwa uangalifu asije akalikosea. Alipomaliza hakuishusha mikono. Alimtazama Noah, akingoja.

"Amina," Noah akasema.